Mwito Mmoja Korongoni

Siku ile, mwaka wa themanini na nne, walikuwapo korongoni Bi Chiku, mkuu wa wasuka mikeka mtaani kwao Mambrui; bintiye Tumu; mke wa mwanawe, Shekha; mtoto mchanga wa Shekha, Taib; na mzee Fondo, Mgiriama aliyewaongoza njia.

Walikwenda kukata ukindu wa kusukia, bara kupita Adu, pale mto wa msimu ulipouchana mlima na kuacha kuta mbili refu. Chini palikuwa na mchanga mweupe, laini kama unga. Bi Chiku akaamuru turubai lipigwe papo hapo.

"Bibi," Fondo alimwambia, "mto ukikauka haujahama. Tulale juu."

"Juu kuna miiba na siafu. Umeona wingu wewe?"

"Mvua ya mto huu hunyesha kwingine."

Tumu akacheka. "Mzee ataka tulale mitini kama tumbili!"

Shekha alikereka. Fondo alisema kweli, lakini mama mkwe hakosolewi mbele ya watu. Akaikaza kamba ya turubai kwa hasira.

Fondo hakununa. Asubuhi yake alivua shuka lake la buluu, akamfungia Taib susu ya kuning'inia kivulini, mtoto akalala akipepewa na upepo. "Naenda huko mto utokako kutazama mizinga yangu ya nyuki," alisema. "Mama mnyonyeshaji nitamletea asali."

Alasiri, walipokwisha kuswali, sauti iliita kutoka juu ya ukingo.

"Shekha!"

Ilikuwa ya Fondo. Karibu kabisa. Shekha alifungua kinywa aitike. Bi Chiku akamziba kwa kiganja.

"Porini ukiitwa mara moja huitiki," alinong'ona. "Binadamu huita tena. Ngoja."

Wakangoja. Ndege walikuwa wamenyamaza. Nyuki mmoja akatua kwenye susu. Akaja mwingine. Mbingu ilikuwa kavu, lakini mabawa yao yalikuwa yamelowa.

"Mama, ni mzee Fondo," Shekha alisema.

"Basi na aite tena."

"Siitiki, mama. Lakini tupande."

"Kaa chini! Mtoto wa juzi wewe, wataka kunifunza mimi?"

Hasira iliyomkaba Shekha tangu jana ikapasuka. Alimtwaa Taib na shuka lake, akamvuta Tumu mkono, akaanza kuparamia mawe. Tumu alipanda akigeuka nyuma, akigeuka nyuma. Bi Chiku alibaki ameketi juu ya mzigo wa ukindu, sikio kalitega, akingoja mwito wa pili.

Ukaja mngurumo.

Maji yalikuja yamesimama kama ukuta. Mekundu. Yamebeba miti mizima.

"Mama!" Tumu aliita. Akaita tena. Akaita tena.

Chini hapakuwa na turubai. Hapakuwa na mchanga.

Ukingoni hapakuwa na mtu. Juu ya jiwe kavu palikuwa na nyayo mbili zilizolowa maji, zimeelekea kambini. Za kuja hazikuwapo. Za kuondoka hazikuwapo.

Wanawe walimkuta Fondo amekufa, amebanwa na gogo chini ya mizinga yake, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kambini. Maji yalimpitia yeye kwanza.

Matangani, Shekha alimkabidhi mjane wa Fondo, Kabibi, lile shuka. Kabibi akalikunjua, akamfunika Taib nalo. Yeye aliyefiwa ndiye aliyembembeleza mtoto wa mwenzake.

"Alimpa mtoto," alisema. "Mwachie."

Shekha alikwenda kaburini kwa uchungu na hasira.

"Mzee wangu," alinong'ona, "ungeita mara ya pili tu. Mbona hukuita?"

Nyuki mmoja alipita.

Bi Chiku hakupatikana kamwe. Shuka lile Shekha hulifua mwenyewe kila Ijumaa, kwa maji ya kisima, na kila likianikwa hudondosha mchanga mweupe.