Hedifoni ya Seremala

Mume wangu ni seremala. Karakana yake iko uani, na mimi ninashona nguo sebuleni. Yeye anapiga randa, mimi ninakanyaga cherehani. Nyumba yetu haijawahi kuwa kimya, na hatujawahi kulalamika.

Tuna binti mmoja. Majirani wanamwita Kitinda, ingawa ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Sasa anafanya kazi mji wa mbali. Alipoondoka, yeye na baba yake hawakuwa na maneno kwenye simu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi?"

"Nzuri."

"Haya, mama yako huyu hapa."

Basi, imeisha. Kisha baba mtu anarudi kwenye randa yake.

Likizo moja, Kitinda alituletea kompyuta yake ya zamani. Ndani yake kulikuwa na gemu ya lori. Wachezaji ni wawili. Mmoja anaendesha lori milimani, lakini kuna ukungu na haoni mbele. Mwingine ana ramani, na anamwambia dereva njia. Baba akawa dereva. Kitinda, huko aliko, akawa utingo wake.

Kila Jumamosi alasiri walipanda milima. Na njiani walizungumza! Walizungumza juu ya bosi mkali, viatu vinavyobana, hata mchumba aliyeachwa. Mtu akiwa safarini haoni haya kusema. Mimi nilishona huku nikimshukuru Mungu.

Shida ilikuwa sauti. Spika za kompyuta zilikuwa dhaifu, na cherehani yangu ilizimeza. "Nitanunua hedifoni," alisema mume wangu. Hedifoni ni zile spika mbili za kuvaa kichwani, moja kila sikio.

Tulikwenda dukani pamoja. Aliinunua kama anavyonunua mbao. Aliinua moja, akaipima kwa mkono, akaigonga kwa kidole. "Nyepesi hii. Haifai." Akainua nyingine, akakunja uso. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, yenye taa nyekundu na buluu.

"Hii sasa ndiyo mninga!" alisema.

"Ijaribu kwanza kichwani," nilimwambia.

"Mama Kitinda, nyundo haijaribiwi kichwani."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ilipofika, alivaa hedifoni yake, taa zikawaka. Alionekana kama jogoo wa harusi. Lori likaondoka.

"Kushoto, baba! Kushoto!"

Mimi nilimsikia Kitinda nikiwa kwenye cherehani. Baba yake, mwenye hedifoni kichwani, hakumsikia. Lori likaingia bondeni na magunia yote.

Akaongeza sauti. Wiki iliyofuata akaongeza tena. Kule aliko, Kitinda naye alilalamika. "Baba, sikusikii! Nasikia cherehani tu!" Wakawa wanapigiana kelele kama watu wawili waliosimama pande mbili za mto.

Mume wangu alipovua hedifoni, shingo ilimuuma. Mikono ya miwani yake ilikuwa imechora mistari pembeni mwa macho yake. "Masikio yanalia," alisema. "Nziii. Hayanyamazi."

Jumamosi moja aliukunja waya akauweka mezani. "Gemu ni mambo ya watoto. Mwambie Kitinda nimeacha."

"Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambiaje?" alisema polepole. "Simsikii. Misumeno imenimaliza masikio."

Hapo moyo wangu ulishuka. Lori likisimama, tutarudi kwenye "hujambo, sijambo". Niliwapata binti yangu na baba yake wakiongea baada ya miaka mingi. Sikutaka kuwapoteza tena.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni binti anayepokea simu za wateja katika kampuni fulani. Kutwa nzima yuko na hedifoni kichwani. Alikuja kuchukua gauni lake, akaona ile hedifoni ya taa juu ya vitambaa vyangu.

"Shikamoo, mama. Hii disko ya nani?"

"Marahaba. Ya baba yako huyo. Lakini ameshaistaafisha."

Nikamweleza yote. Mume wangu alijifanya anasoma gazeti. Jirani aliigeuza ile hedifoni huku na huku.

"Baba, hii imetengenezwa kwa ajili ya muziki. Haina maiki. Sauti yako inachukuliwa na maiki ya kompyuta, na hiyo haichagui. Inakuchukua wewe, cherehani na mbwa wa nje."

"Kumbe cherehani yangu ndiyo mchawi!" nilisema.

"Haina kosa, mama. Tutatafuta hedifoni yenye maiki yake, ile ya kijiti kinachokaa karibu na mdomo. Ikiwa karibu nawe, baba, itakusikia wewe kwanza. Halafu iwe na kitufe cha kuizima, ili ukikohoa usimpasue Kitinda masikio."

Mume wangu aliweka gazeti chini. "Maiki nimeelewa. Lakini mbona mimi simsikii yeye?"

"Mama, wewe ulimsikia ukiwa pale?"

"Vizuri kabisa."

"Basi sauti inavuja. Ingekuwa inaingia yote kwa baba, wewe usingesikia kitu. Baba, hebu ivae nione."

Akaivaa. Jirani alimzunguka taratibu, kama mimi ninavyomzunguka mteja wa suti. Alisimama upande wa kulia. Akanyoosha mkono, akachomoa kitu chini ya hedifoni.

Ilikuwa penseli.

Mume wangu huweka penseli nyuma ya sikio tangu akiwa kijana. Huivaa msikitini, huivaa mezani, na mara nyingine huamka nayo. Mimi sikuiona. Ningeionaje? Kwangu ilikuwa sehemu ya sikio lake.

Tulicheka mpaka jirani akakaa chini. Mume wangu alicheka kuliko sisi wote.

"Hiyo penseli iliinua mto wa hedifoni," alisema jirani alipopata pumzi. "Miwani nayo iliinua, kwa sababu mito yenyewe ni migumu. Mlango ukiacha mwanya, baba, unafanyaje?"

"Ninauranda ukae sawa."

"Wewe hukuziba mwanya. Uliongeza sauti. Ndiyo maana masikio yanalia. Huo mlio ni masikio yanaomba huruma."

"Kwa hiyo sijawa kiziwi?"

"Hilo sijui, mimi si daktari. Yapumzishe kwanza, halafu mwende hospitali yapimwe. Masikio yakiharibika kwa kelele hayana spea."

Tulikwenda. Mlio ulikuwa umeisha baada ya siku chache, lakini nilimburuta hivyo hivyo. Mpimaji alisema misumeno imepunguza usikivu kidogo. "Uliobaki unatosha, ukiutunza," alisema. Akamshauri avae vizuia kelele kila anapowasha msumeno wa umeme. Mume wangu sasa anavivaa, na mwanafunzi wake wa karakana pia.

Siku ya kurudi dukani jirani alitusindikiza. Mwenye duka, Mungu ambariki, alikubali tubadilishe. Safari hii mume wangu hakugonga chochote. Jirani alimwambia avae kila hedifoni na miwani yake, na akae nayo huku tukipiga soga.

"Hii inabana," alisema kuhusu ya kwanza.

"Iache. Inayokubana dukani itakuumiza nyumbani."

Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye mito mikubwa ya kitambaa laini iliyofunika sikio lote. Haikuwa na taa hata moja. Alikaa nayo, akasahau kwamba ameivaa.

"Lakini nyepesi sana," alinong'ona.

"Baba, shingo yako ndiyo itakayoibeba, si benchi la karakana."

Kabla hatujalipa, jirani aliuliza jambo ambalo sisi tusingelifikiria. "Kompyuta yenu ina tundu la aina gani?" Nilikuwa nimelipiga picha kwa simu, kama alivyoniagiza. Akalinganisha na pini ya waya. Ziliingiana.

Nyumbani alimfundisha kuweka sauti. "Anza chini kabisa. Panda kidogo kidogo. Ukisikia maneno vizuri, simama hapo hapo. Mama akikuita kutoka karibu yako nawe husikii kabisa, umepita kiasi. Na kila lori likifika, vua, unyooshe miguu."

"Nikulipe nini, mwanangu?"

"Mama ameshanishonea gauni, tena amelipatia."

Jumamosi ile niliacha kushona ili nitazame. Mume wangu alichomoa penseli, akailaza kando ya kompyuta. Alivaa hedifoni, akapitisha mikono ya miwani vizuri, akasogeza maiki. Mimi sikusikia hata neno moja la Kitinda. Niliona tu uso wa mume wangu ukilainika.

"Nakusikia," alisema. Hakupiga kelele. "Nakusikia kama uko hapa. Nawe? ... Haya, utingo, tupande."

Walipanda. Kushoto, kulia, kushoto. Mara akaacha kuendesha. Mikono yake ikatulia. Kwenye kioo, lori lilienda lenyewe, taratibu, likaingia bondeni na magunia yote.

"Baba Kitinda! Lori!"

Alivua hedifoni, akanivisha mimi.

Kitinda alikuwa anaimba. Aliimba kwa chini, bila maneno, kama mtu asiyejua kwamba anaimba. Wimbo niliujua. Ni ule ambao baba yake huimba akipiga randa. Alipokuwa mdogo, Kitinda alikuwa akikaa kwenye maranda pale karakanani, akichezea vipande vya mbao. Kumbe aliondoka na ule wimbo.

Wimbo ukakatika. "Baba? Tumeanguka? Umelala?"

Nikamrudishia mume wangu hedifoni. Aliisogeza maiki mdomoni. Macho yake yalikuwa yamejaa, naye hakuyaficha.

"Sijalala, mwanangu. Ahsante."

Kitinda alimuuliza jambo. Mume wangu akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Lori tutalitoa," alisema. "Wewe endelea kuimba."