Unawaamini Walioiandika?

Ilianza na harufu ya mafuta ya mkaratusi. Mke alidhani mumewe ana mafua, mume akadhani ni mkewe, na hakuna aliyekuwa na mafua.

Mume alikuwa mwandishi wa programu, kazi yake akiifanyia chumbani. Watu wa kazi hiyo kila mradi huuwekea folda yake na vifaa vyake humo humo, ili vya mradi huu visichanganyike na vya ule. Kihariri, ile programu wanayoandikia, kikifungua folda ngeni huuliza kwanza: *Unawaamini walioiandika?* Ukikubali, yaliyomo yanaamka na kuanza kazi yenyewe. Ukikataa, utatazama tu, hakuna kitakachokutii. Ni swali la maana, na hakuna anayelisoma.

Siku harufu ilipoanza, mume alifungua folda ya Mkimya. Mkimya alikuwa mwenzake kazini, dada mwenye pumu na chupa yake ya mkaratusi, aliyeandika mradi mzima peke yake. Zamani jamaa huyu alikuwa amefuta jina la dada wa watu kwenye ripoti ya mradi, akaweka lake, kisha akamnong'oneza bosi kwamba yule ni mvivu anayejisingizia ugonjwa. Mkimya akafukuzwa, akakosa dawa, akafa akitafuta pumzi. Sasa mradi umeharibika, na mwizi hajui kuutengeneza.

Swali likaja. "Mwandishi mwenyewe marehemu," alisema akicheka, akakubali. Chini ya swali palikuwa na kisanduku: *Amini pia folda mama na vyote vilivyomo.* Akakitia alama ili asisumbuliwe tena. Folda mama ndiyo iliyobeba kila kitu cha nyumba ile, hadi picha za harusi. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu alilichuma kwa kidole kimoja.

"Kuna mtu anapumua nyuma ya kabati," mke alinong'ona mchana ule.

"Ni feni."

"Feni imezimwa, mume wangu."

Pumzi ile ya kukwaruza ikahama nyuma ya kabati ikaja kwenye mapazia, ikatoka kwenye mapazia ikalala kitandani katikati yao, mpaka siku moja mke alipokuwa akikunja nguo akaisikia imo kifuani mwake mwenyewe, ikipanda na kushuka kwa mwendo usio wake, naye akaangukia zile nguo akishindwa hata kuita.

Akaletwa shangazi yake, mganga. Mama huyo akatega sikio kwenye kifua cha mgonjwa, kisha akaitazama kompyuta.

"Pepo huyu hakuvunja mlango," alisema taratibu. "Alikaribishwa. Baba, ulimfanyia nini?"

"Mimi? Sikumfanyia kitu."

Midomo ya mke ikabadilika rangi. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. "Alifuta jina langu."

Kioo cha kompyuta kikawaka chenyewe. Kulikuwa na picha ya mume, na chini yake: *Unamwamini huyu?* Mume akaruka kubonyeza ndiyo. Kitufe kilizama, jibu halikuandikika.

"Hukuulizwa wewe," shangazi alisema.

Mke akajikokota hadi mezani. "Ni kweli?" aliuliza kwa pumzi iliyobaki.

"Nilikuwa natafuta maisha yetu."

Hasira ikamjaa mke kuliko hofu. Alikuwa amemlilia Mkimya msibani, ameshikwa mkono na mtu huyu huyu. Akabonyeza *hapana*.

Kifua kikafunguka palepale. Harufu ikatoweka. Mume, jasho likimtoka, akaenda kufungua dirisha, lakini komeo halikusogea. Akajaribu bomba, maji hayakutoka. Akamwita mkewe, mdomo ukafunguka bila sauti.

"Twende, mwanangu," shangazi alisema. Mlango ukawafungukia wao wawili kama kawaida, ukajifunga.

Yeye akabaki na macho tu. Nyuma ya kabati mtu akavuta pumzi ndefu, safi, ya mtu aliyepona. Naye mume akaitafuta yake, asiipate.