Kopo la Sita

Hebu fikiria njia nyembamba ya mlimani, ukungu umeshuka, na mwalimu mmoja, rafiki yangu, amepiga magoti mbele ya shimo la mwamba. Anaficha makopo. Kesho wanafunzi wake watayatafuta kwa ramani ya simu, na kila atakayepata kopo ataandika jina lake kwenye daftari lililomo, kwa penseli iliyomo.

Alilisukuma kopo la sita gizani, mkono ukazama hadi kiwikoni. Kitu kikalivuta kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayepokea zawadi.

"Shemeji! Kuna mtu humu!"

"Mwambie atoke atusaidie mizigo," akacheka shemeji yake, fundi seremala.

"Sitanii. Kesho watoto watatia mikono humu."

Shemeji akaja na tochi, akamulika. Shimo liliishia palepale vidole vya mwalimu vilipofika, kwenye jiwe zima lisilo na ufa. Kopo halikuwamo. Wakatega sikio. Nyuma ya jiwe kifuniko kikafunguka, kisha penseli ikaanza kukwaruza karatasi.

Waliyakusanya yale makopo matano wakateremka mbio, na watoto hawakupelekwa. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: penseli ile iliandika polepole, ikasita, ikaendelea, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake.