Akaunti Tisa za Raghda

Kila alasiri, akishatoka shule na kuosha vyombo, Raghda aliazima simu ya mama yake na kufungua ukurasa wa mama yake mdogo, Inshirah. Inshirah alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo mjini Port Said, Misri, na pia mwanamuziki. Alipiga simsimiya, ala ya nyuzi ambayo mjini humo ilizoeleka mikononi mwa wanaume. Nyimbo alizitunga mwenyewe na kuzirekodi chumbani kwake. Hakuwa na kampuni wala meneja. Alikuwa na Raghda, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyekata vipande vifupi vya nyimbo, akavipandisha mtandaoni na kuwajibu wasikilizaji.

Wasikilizaji hao walikuwa elfu tatu. Walikuja mmoja mmoja kwa miaka miwili: baharia aliyekuwa mbali na kwao, muuguzi wa Suez, wanafunzi wa chuo. Lakini waliokuja kutukana nao hawakuwa haba. Mmoja aliandika kwamba simsimiya si sufuria, arudi jikoni. Mwingine alimwuliza Inshirah kama nyumbani kwake hakuna mwanamume wa kumkataza.

Kilichomchoma Raghda zaidi ni video ya Mzee Sanad, mpigaji mashuhuri wa mtaa wao. Akiwa amekaa mkahawani, mzee huyo alisema mbele ya kamera kwamba nyimbo za Inshirah ni kelele za cherehani. Yumna, mjukuu wake, akaipeleka habari hiyo darasani. Tangu hapo, kila Raghda alipoinuka kujibu swali la mwalimu, nyuma yake zilisikika sauti za chinichini: trrr, trrr.

"Mwambie mama yako mdogo aje atushonee sare," Yumna alimwambia langoni. "Kuimba kumeshamshinda."

Jibu lake Raghda alilipeleka mtandaoni. Jioni hiyo alifungua akaunti tisa zenye majina ya watu wasiokuwepo. Kwanza aliwafanya watu hao wamsifu Inshirah kwenye ukurasa wake, lakini sifa hazikumpoza hasira. Siku ya tatu akamfanya mmoja wao aandike hapohapo ukurasani kwamba Mzee Sanad ni mwizi, kwamba nyimbo anazojivunia aliziiba kwa wenzake waliokufa. Wale wanane wakaitikia kwamba ndivyo, hata wao wanajua. Watu wa kweli wakaanza kuamini na kusambaza. Raghda alisoma, akafurahi.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, wimbo mpya ulikuwa utoke. Ukurasa haukufunguka. Palikuwa na tangazo tu kwamba umefungwa kwa sababu ya akaunti bandia. Inshirah alilisoma mara mbili, vipande vya uzi vya kiwandani vikiwa bado vimemganda kwenye gauni.

"Hawa ni watu wa Sanad," alisema. "Wametuchongea. Vaa viatu, twende."

Raghda angeweza kusema palepale. Akavaa viatu.

Mkahawani Mzee Sanad hakuinuka wala hakuwaagizia chai. Vijana wawili walisogeza viti kuwazibia njia. Yumna naye alikuwepo, amemletea babu yake dawa. Inshirah alieleza shida yake kwa sauti kavu, akadai ajue ni nani aliyemshtaki. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha maoni yale kwenye simu yake.

"Wewe umefungiwa ukurasa," alisema. "Mimi nimeitwa mwizi wa marehemu. Mjane wa mwenzangu amenipigia analia, ananiuliza kama ni kweli. Maneno haya yametoka kwako."

"Hayakutoka kwangu."

"Kwa nani, basi?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu," Inshirah akasema, "hakuna mtu wa nyumbani kwangu aliyeandika haya."

Kaburi hilo lilikuwa la bibi yake Raghda, aliyezikwa mwaka uliotangulia.

"Mama mdogo, usiape," alisema. "Ni mimi."

Wachezaji wa domino waliacha kucheza. Raghda aliendelea huku akitazama sakafu: akaunti zote tisa ni zake, na habari ya wizi aliitunga mwenyewe. Yumna alitaka kusema kitu, babu yake akamnyamazisha. Uso wa Inshirah ulikuwa umemshuka. Ilimbidi amwombe radhi mzee yuleyule ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekuja kumshtaki.

"Uongo umesomwa na mji mzima," Mzee Sanad akasema. "Na ukweli usikike hivyohivyo."

Basi Raghda alisimama mbele ya kamera ya simu ya mzee, palepale mkahawani, akayarudia yote kwa jina lake. Njiani kurudi nyumbani Inshirah alitangulia. Kesho yake Raghda alifuta zile akaunti na kumpigia mjane kumwomba msamaha. Mjane alimsikiliza, akakata simu.

Inshirah aliwaandikia wenye mtandao, akawaeleza kila kitu bila kuficha. Baada ya siku kumi na moja ukurasa ulifunguliwa, lakini wasikilizaji walikuwa wamebaki elfu moja na mia nane. Mzee Sanad hakuzipenda nyimbo za Inshirah hata baada ya hapo. Hata hivyo, alimkataza Yumna mzaha wa cherehani.

Jioni ya siku ukurasa ulipofunguliwa, Inshirah alimwita Raghda.

"Wale elfu tatu walisikia, wakapenda, wakabaki," alisema. "Wewe uliniletea tisa wasio na masikio, ukanifukuzia elfu moja na mia mbili wenye masikio. Ukisema uongo kwa ajili yangu, uongo huo unakuwa na jina langu. Na yule mjane je, alikukosea nini? Watakaonitukana nitawajibu kwa kupiga vizuri zaidi. Kazi yako ni kuufikisha wimbo kwa watu, na kuufikisha kwa ukweli."

Raghda aliomba radhi, kisha akauliza aandike nini chini ya wimbo mpya.

"Jina lake, na siku uliyorekodiwa. Basi."

Aliandika hivyo, akaupandisha. Maoni ya kwanza kuingia yalikuwa matusi. Raghda aliyasoma, akayaacha yalivyo, akaanza kukata kipande kilichofuata.