Jenereta Isiyosikika

Wenzangu mnaoishi nyumba za kupanga, haya nayasema kwa uchungu, na atakayekasirika na akasirike.

Huko Mbuya kulikuwa na safu ya vyumba ambamo watu waliishi kwa kuelewana. Umeme ukikatika, Adong, mke wa mwanajeshi, alitoa betri yake ya sola barazani, na majirani wakaleta simu zao kuchaji. Nasif, dereva wa lori, alipeleka yake kila mara. Mkewe Shamim, fundi cherehani, alikaa hapo akishona vifungo kwa mkono na kucheka na wenzake. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Kisha betri ya Adong ikafa. Siku hizo Shamim alikuwa amepewa kazi ya kushona sare za shule, na cherehani yake ilikuwa ya umeme. Nasif akaamua kununua jenereta. Uamuzi mzuri, hapo simlaumu. Lakini njiani kwenda madukani Kikuubo alianza kuziwaza simu za majirani zikipangwa kwenye baraza lake, na roho ikamsinyaa. Fadhila ya punda ni mateke, jamani.

Muuzaji, Uthman, alimwuliza swali la maana. "Ssebo, bwana wangu, unataka kuwasha nini? Friji iko?"

"Cherehani na taa tu. Nionyeshe ile haisikiki."

"Basi hii ndogo. Lakini hata hii inakaa nje, ssebo. Moshi yake inaua mutu, na huwezi kuiona."

Nasif aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba huku akiwaza chakula. Aliibeba ndani ya gunia, akaiweka kwenye ujia wa jikoni, akaziba dirisha kwa blanketi ili sauti isitoke.

Jioni ya kwanza umeme ulipokatika aliiwasha, na Adong akabisha, simu mkononi. Nasif alimjibu bila kufungua mlango, "Hata hapa hakuna umeme, mama." Adong alisimama kidogo akisikiliza ule mngurumo, kisha akaenda zake. Shamim aliinamisha uso kwa aibu.

"Baba Yasiin, kichwa inaniuma," alisema baadaye. "Tutoe kitu hii nje."

"Nje watasikia. Kesho safu yote iko hapa."

"Si hata sisi tulikuwa kwake?"

Nasif aliinuka. "Ni macho tu imechoka," alisema, akaenda kuzima mashine. Asubuhi kichwa cha Shamim kilikuwa kimepoa, naye Nasif akajiona alisema kweli.

Siku chache baadaye umeme ulikatika tena, mchana wa mvua. Yasiin, mtoto wao, alikuwa shuleni. Nasif aliwasha jenereta, akafunga dirisha, akamwambia mkewe, "Mutu akibisha, nyamaza," kisha akaenda kupakia mzigo Luzira.

Aliporudi alasiri, alisimama barazani akatega sikio. Hakusikia kitu. Alitabasamu, wenzangu. Aliona kweli amechagua vizuri.

Kumbe petroli ilikuwa imekwisha. Shamim alikuwa ameangukia cherehani, shati la mtoto wa mtu bado liko chini ya sindano. Nasif alimwita, akamtikisa, akapiga ukelele. Adong ndiye aliyefika wa kwanza, wakamburuta hadi uani. Mvua ilimnyeshea usoni naye hakupepesa macho.

Adong aliketi matopeni akampakata.

"Nilibisha hapa mchana," alisema. "Bwana yangu iko Karamoja, nilitaka chaji kidogo anipigie. Nikasikia mashine inalia, hakuna mutu anajibu. Nikajua mumetukataa tena. Nikarudi kwangu."

Hakusema kwa ukali. Nasif angependa amtukane.

Walimzika kesho yake. Jioni, waombolezaji wakiwa wamejaa uani, umeme ulikatika. Mtu mmoja aliikokota jenereta kutoka jikoni hadi mbali kando ya ua, akatia petroli, akawasha. Taa ikawaka. Simu za watu zikapangwa barazani zikichaji, na ya Adong ikiwemo. Sauti ya mashine ilisikika mpaka barabarani, wala hakuna aliyeudhika. Nasif aliiangalia, Yasiin amelala mapajani pake, akalia.

MAFUNZO

Jenereta ya petroli, hata ikiwa ndogo vipi, hukaa nje, mbali na milango na madirisha. Usiiwashe jikoni, wala ujiani, wala chumbani eti umeacha dirisha wazi. Kichwa kikianza kuuma, toka nje na utoe wenzako kwanza, mengine baadaye. Unapoinunua, uliza itawasha nini na utaiweka wapi, na anayekuonya msikilize.

Tena msiufunge mlango kwa jirani. Shamim aliuawa na moshi, lakini aliyeuficha moshi huo ni uchoyo. Mkono uliokuja kuomba chaji ndio ungemtoa nje akiwa hai.