Gazeti Halikusema Hivyo

Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ikishalia, Sayi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikatiza soko la Somanda, akapita nyuma ya mashine ya kusaga, mpaka kwenye baraza ya Hamimu, fundi cherehani. Huko alisubiriwa kama mgeni rasmi. Basi la Mwanza lilikuwa limekwisha kupita, na utingo alikuwa amekwisha kurusha gazeti barazani. Gazeti lenyewe lilikuwa la juzi, lakini Bariadi habari haikuchacha upesi. Ya juzi ililiwa kama ya leo.

Ilikuwa ile miaka ambayo vyama vya siasa vilizidi kuwa vingi, wanunuzi wa pamba wakawa wengi, na magazeti nayo yakaanguliwa kama vifaranga. Zamani mtu alisikiliza redio, akatikisa kichwa, akaenda kulala. Sasa ilionekana kwamba mtu asiye na maoni yake ni kama mtu asiye na suruali, na wazee wa baraza ya Hamimu hawakutaka kukutwa uchi.

Wakubwa wa baraza walikuwa wawili, Mzee Masele na Mzee Jilala. Katika mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, Masele alikuwa upande wa Bagalu na Jilala upande wa Bagika. Kwa hiyo tangu ujana wao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, iwe mvua, mgombea, mwanamuziki, au kama chai imekolea sukari. Wote wawili walijua kusoma, maana walipita kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini herufi za gazeti zilikuwa ndogo kama chawa, na miwani ya Masele ilikuwa imebaki na kioo kimoja. Ndiyo maana walimhitaji Sayi. Alikuwa darasa la sita, na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mwanzoni Sayi alisoma yaliyoandikwa tu. Wazee walisikiliza, wakapiga miayo. Siku moja alisoma kwamba mheshimiwa fulani alihutubia mkutano, akaongeza kidogo: "Huku jasho likimtoka kama aliyeiba mbuzi." Baraza ikalipuka kwa kicheko. Jilala akampa kipande cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa.

"Gazeti hili linajua kusema!" alisema Jilala.

Sayi akatafuna matobolwa yake. Tangu siku hiyo kila habari ilitiwa kiungo. Mwimbaji maarufu wa Dar es Salaam alinenepa, ingawa gazeti halikugusa uzito wake. Mshambuliaji wa timu kubwa aliitwa mvivu. Waziri alicheka kinafiki. Yote hayo yalikuwa maoni ya Sayi, lakini aliyasoma bila kuinua macho, kwa sauti ileile, na hakuna aliyejua gazeti linaishia wapi na Sayi anaanzia wapi. Mzee Masele alikuwa akifika nyumbani na kumwambia mkewe, "Gazeti limesema," na mkewe ananyamaza. Nani atabishana na gazeti?

Basi ikaja ile Jumatatu. Timu ya wilaya ilikuwa imekwenda kucheza ugenini, ikafungwa bao moja dakika za mwisho. Golikipa wake alikuwa Mihayo, kijana wa hapohapo Somanda, mtoto wa Mama Martha muuza mtindi. Gazeti liliandika mistari michache tu pembeni mwa ukurasa wa michezo: golikipa Mihayo aliteleza kwenye tope, mpira ukampita.

Sayi aliisoma. Wazee wakaendelea kumtazama, wanataka zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira, maana darasani alikuwa amejigamba kwamba timu itashinda. Akakaza macho kwenye karatasi, akaendelea:

"Wenye macho wanajiuliza, je, golikipa mzima anateleza hivihivi? Huenda mechi imeuzwa."

Cherehani ya Hamimu ikanyamaza.

"Imeuzwa?" aliuliza Masele. Yeye alikuwa pia mjumbe wa kamati ya timu, na kofia yake ya ujumbe hakuivua hata kwenye jua kali.

"Ndivyo ilivyo hapa, babu," alisema Sayi, akafungua ukurasa wa matangazo.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yao, Masele na Jilala walikubaliana.

Habari haikulala barazani. Ilipanda baiskeli ya Jilala ikafika stendi, na kutoka stendi ikapanda basi. Ilipofika Dutwa, Mihayo alikuwa amepewa fahali. Iliporudi kutoka Dutwa, fahali alikuwa mwekundu, ana doa jeupe usoni, na kuna mtu aliyemwona kwa macho yake akiswagwa usiku. Watu wakaanza kupita karibu na nyumba ya Mama Martha wakichungulia zizini. Walikuta ng'ombe wake walewale wa maziwa na mbuzi mmoja kilema. Wakaondoka wakiambiana kwamba fahali amefichwa Kimali, kwa mjomba.

Alhamisi, Sayi alikuwa anachukua kibuyu kwenda kununua mtindi, kama desturi. Shangazi yake, Felisita, aliyekuwa akimlea, akamwita kutoka jikoni.

"Leo usinunue kwa Mama Martha. Nenda kwa yule mwingine, karibu na mashine."

"Kwa nini, shangazi? Wa yule mwingine una maji."

"Afadhali maji kuliko maziwa ya wasaliti. Hukusikia? Gazeti limesema."

Sayi akatoka na kibuyu chake. Alikwenda sokoni polepole, akasimama nyuma ya marundo ya michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa. Mama Martha alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote. Ndoo zake zilikuwa zimejaa mpaka juu, na nzi walikuwa ndio wateja. Wanawake waliopita walimsalimu kwa mbali, "Mwadila, mayu," yaani hujambo mama, kisha wakaharakisha kana kwamba wanadaiwa. Mvulana mmoja akapiga kelele, "Fahali hajambo?" Wenzake wakacheka.

Mama Martha ndiye aliyemwona Sayi.

"Njoo, mwanangu, mbona umejificha? Lete kibuyu."

Sayi akasogea. Hakujua aweke wapi uso wake. "Mihayo hajambo?" aliuliza.

"Yupo ndani. Tangu Jumatatu hajatoka. Jumamosi kamati inakaa, wanataka kumfukuza." Mama Martha alimimina mtindi, akaongeza kidogo juu, kama alivyomfanyia siku zote. "Wewe unasoma sana, ebu niambie. Huyo mwandishi wa gazeti alimjuaje mwanangu? Aliwahi kuja hapa? Ningempa mtindi nimuulize kwa upole tu, alimwona nani akipokea nini."

Sayi alilipa haraka. Alichukua kibuyu akaondoka karibu anakimbia. Jioni ile mtindi uliliwa nyumbani, shangazi akausifu kwamba yule wa karibu na mashine siku hizi amejirekebisha. Sayi alisema hana njaa.

Kesho yake, Ijumaa, alifika barazani, na kabla hajaketi akasema, "Wazee, ile habari ya Mihayo. Gazeti lilisema aliteleza tu. Hayo mengine niliongeza mimi."

Wazee wakatazamana.

"Umeongeza wewe?" alisema Masele.

"Ndiyo, babu. Yalikuwa maoni yangu. Nilikuwa na hasira."

"Lete hilo gazeti tuone."

Wote wakamgeukia Hamimu. Fundi akainua makasi kwa aibu. Magazeti ya zamani aliyatumia kukatia vipimo vya nguo. Lile la Jumatatu lilikuwa limekwisha kuwa mkono mmoja wa blauzi, na vipande vilivyobaki vilikuwa vimetumika kuwashia moto wa pasi.

"Haa!" Jilala akapiga goti lake. "Mama Martha amemfikia mtoto! Sayi, sema kweli, jana ulinunua mtindi kwa nani?"

"Kwa Mama Martha, lakini…"

"Na alikuongezea?"

"Huwa ananiongezea kila siku!"

"Basi," alisema Masele, akivuta kofia yake. "Mtoto amehongwa mtindi. Hii kesho kamati itaisikia pia."

Sayi alibaki amesimama. Alipodanganya waliamini neno kwa neno, na sasa alipoeleza ukweli walimtazama kama mwizi wa kuku. Aliwatazama mmoja mmoja. Akaona wazi kwamba hata akilia mpaka jua lizame, wazee hawa hawatamwachia fahali wao mwekundu.

Gazeti jipya lilikuwa juu ya kiti. Akalichukua, akaketi, akalifungua. Sauti ilitoka ileile ya siku zote. Alisoma habari ya bei ya pamba. Alisoma habari ya mgombea na bendera. Kisha, bila kuinua macho, akasoma:

"Habari kutoka Bariadi zinasema kwamba nauli ya wachezaji imeliwa. Anayetajwa ni mjumbe mmoja wa kamati, mzee wa Somanda mwenye kofia, ambaye jina lake linaanza na Masa… samahani, na Mase."

Kisha Jilala akacheka kicheko alichokuwa amekiweka tangu mashindano ya ngoma ya ujana wao. Akainuka, akashika baiskeli yake.

"Nilijua! Mimi nilijua siku nyingi!" alisema, na tayari mguu mmoja ulikuwa juu ya pedeli.

"Unakwenda wapi?" Masele alifoka.

"Stendi mara moja!"

"Uongo! Huo ni uongo! Nauli hiyo mimi hata sijaishika! Lete hapa!" Masele alimnyang'anya Sayi gazeti. Akavaa miwani yake ya kioo kimoja, akafumba jicho la pili, akaanza kufuata mistari kwa kidole. Alifuata bei ya pamba, akamfuata mgombea na bendera yake. Aligeuza ukurasa, akakuta tangazo la sabuni. Jasho lilimtoka. "Wapi? Nionyeshe wapi!"

"Hakuna, babu," alisema Sayi. "Hilo nimeongeza mimi."

"Kwa nini unichafulie jina, mtoto wewe? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, babu. Na Mihayo hakunikosea."

Jilala alikuwa bado ameegemea baiskeli, mguu mmoja juu na mwingine chini, kama korongo. Hamimu ndiye aliyecheka kwanza, polepole, huku akificha uso nyuma ya kitambaa.

"Mzee Jilala," alisema, "ungekuwa umefika wapi sasa hivi?"

"Karibu na stendi," alikiri Jilala.

"Na mpaka kesho Mzee Masele angekuwa amekula nauli ya timu ngapi?"

Jilala akashusha mguu. "Ya timu zote za wilaya," alisema. "Na mipira."

Masele alitaka Sayi achapwe. Alilisema hilo kwa sauti kubwa, akalirudia, lakini kila aliporudia sauti ilipungua. Mwishowe alivua kofia, jambo ambalo baraza haikuwahi kuliona, akajipangusa upara. "Kwa dakika moja tu," alisema kana kwamba anajisemea, "nilihisi watu wote wakinitazama. Yule kijana ana siku ngapi sasa akitazamwa hivyo?"

Hakungoja kujibiwa. Alimshika Sayi mkono, wakaenda pamoja kwa Mama Martha, na Jilala nyuma akisukuma baiskeli. Sayi alisema yote pale mlangoni, mbele ya majirani, na safari hii hapakuwa na cha kuongeza. Mihayo alitoka akasimama nyuma ya mama yake, macho mekundu. Jumamosi Sayi aliyarudia yaleyale mbele ya kamati. Masele akasimama upande wake, akasema aliyeteleza kwenye tope apewe viatu vyenye meno, asipewe fahali. Mihayo akabaki langoni. Jilala alitumwa stendi na Dutwa kwa baiskeli ileile kurudisha maneno, na alikiri kwamba ukweli ni mzito kuliko uongo. Kupeleka uongo kulimchukua nusu saa, kurudisha ukweli kutwa nzima, maana wengi hawakutaka kumwachia fahali wao.

Shangazi Felisita alipoambiwa, alikwenda mwenyewe sokoni na kibuyu. Baada ya hapo alimpa Sayi kazi ya kusaidia kukamua na kubeba ndoo za Mama Martha kila alfajiri mpaka shule zifungwe. Sayi hakulalamika.

Asubuhi moja, wakiwa njiani na ndoo kichwani, aliuliza, "Mayu, kwa hiyo nisiwe na maoni tena?"

Mama Martha akacheka mpaka mtindi ukataka kumwagika.

"Usipokuwa na maoni utakuwa kama mbuzi wangu kilema, unakokotwa tu. Kuwa nayo, mwanangu. Sema timu ni mbovu, sema mgombea humpendi, sema mwimbaji anapiga kelele. Lakini ukisema, sema, 'Mimi Sayi naona hivi.' Mtu akitaka kukubishia ajue anabishana na nani. Ukiyavalisha nguo ya gazeti, unamziba mwenzako mdomo, na anayeumia hajui hata pa kwenda kuuliza. Mimi siku zile nilikuwa namtafuta mwandishi wa Mwanza, kumbe alikuwa ananunua mtindi wangu."

Mchana ule barazani, Sayi alisoma habari za siasa mpaka mwisho. Kisha akalikunja gazeti, akaliweka magotini, akainua macho.

"Hapo gazeti limemaliza," alisema. "Sasa mimi Sayi naona huyu mgombea anaahidi visima vingi kuliko vijiji."

"Na mimi Masele nakataa!" alidakia Mzee Masele.

"Na mimi Jilala," alisema Jilala, "kwa kuwa Masele amekataa, nakubali."

Cherehani ya Hamimu ikaanza tena kuunguruma.