Chembe za Biskuti Ndani ya Chupa

Sogeeni karibu, ndugu zangu, maana jambo hili lingeweza kumpata yeyote kati yetu.

Kila asubuhi Fundi Bomba alipiga mluzi. Alipiga mluzi akifunga kamba za buti, akipanga spana mfukoni, akikunja ule waya wake mrefu wa kuzibulia mabomba. Mkewe alijua saa kwa mluzi huo: ukifika getini, mume keshaondoka na nyumba imeamka salama.

Halafu mluzi ukaanza kukatika. Kwanza ulikatwa katikati na kikohozi kikavu. Wiki ya pili ulikatwa mwanzoni. Wiki ya tatu Fundi alipanda ngazi mbili za mlangoni mwake, akaketi kwenye ya tatu, hoi, anahema.

"Vumbi la saruji hili," alisema.

"Vumbi gani linaleta homa, baba watoto? Twende hospitali. Na usinijibu, huna pumzi."

Daktari alimsikiliza kifua, akambana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni, akakunja uso. Vidonge vya maumivu ya viungo ambavyo Fundi alikuwa akimeza kwa miezi mingi vilikuwa vimeishusha kinga ya mwili.

"Nashuku nimonia ya fangasi," daktari alisema. "Zamani tungeanza kwa kupitisha mpira kooni hadi mapafuni. Siku hizi tunaanza na njia nyepesi: unasukutua koo kwa maji ya chumvi, unatema kwenye chupa, maabara wanatafuta vimelea. Kazi ndogo," akatabasamu, "dakika moja tu."

Masikini Fundi! Alilosikia ni mpira kooni. Na hiyo "kazi ndogo, dakika moja tu" aliijua vizuri mno. Kwa miaka ishirini aliwaambia wenye nyumba maneno hayohayo, na ikifika adhuhuri sakafu nzima imevunjwa. Alilitazama tabasamu la daktari, akalitambua. Lilikuwa lake mwenyewe.

Alitoka na chupa mkononi. Mkewe alikuwa kwenye foleni ya kuandikisha. Kwenye benchi aliketi shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyewaleta kwa gari, anatafuna biskuti.

"Shemeji, nisaidie."

"Nikupe biskuti?"

"Nipe koo lako. Sukutua, utemee humu."

"Nikitema mimi, wewe utaponaje?"

"Wakikuta hamna kitu hawaingizi mpira. Nitapona... nyumbani."

Shemeji hakuwahi kukataa ombi la mtu, wala kulielewa. Aliingia chooni, akasukutua kwa kishindo hata muuguzi akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu anazama.

Haikupita nusu saa tangu Fundi aikabidhi chupa maabara, mtaalamu wa huko, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akatokea ukumbini ameinua chupa kwenye mwanga.

"Fundi, cheti kinasema siku mbili hujaweza kula, ni maji tu."

"Ndiyo... dada."

"Basi hizi chembe za biskuti zimetoka wapi?"

Mke, aliyekwisha kutoka kwenye foleni, akamtazama mumewe. Kisha akamtazama kaka yake, hasa kidevu chake.

"Kaka! Futa kidevu!"

"Aliniomba kwa adabu," shemeji akanong'ona, pakiti ameificha mgongoni.

Mama wa maabara hakucheka. "Chupa hii ingetuambia shemeji yako hana fangasi, nasi huenda tungekuruhusu urudi nyumbani. Kwa hewa uliyo nayo, Fundi, ungekwenda kufa."

 Mkewe alimshika Fundi mkono, akarudia neno moja: "Kufa?" Hapo ndipo Fundi alipoogopa kitu cha kuogopwa.

"Kweli... hamna mpira?" akamuuliza mama wa maabara.

"Leo hamna. Kipimo hiki kisipotoa jibu, tutakueleza linalofuata kabla hatujakugusa. Wewe huwaelezi wateja wako?"

Fundi akapokea chupa mpya na maji ya chumvi. Akasukutua. Ilikuwa sauti dhaifu, kama bomba linaloishiwa maji, lakini ilikuwa yake.

Daktari hakusubiri. Alimlaza, akamwekea oksijeni, akamwanzishia dawa. Jibu lilipokuja lilikuwa lilelile aliloshuku: fangasi. Fundi alilala wodini wiki tatu, na shemeji alimtembelea kila siku, bila biskuti.

Asubuhi moja, nyumbani, mkewe alikuwa anasugua sufuria. Mluzi ukasikika chumbani. Ukakatika. Akaacha kusugua, akasimama na povu mikononi. Mluzi ukaanza tena, taratibu, ukafika hadi getini.

Siku hiyo Fundi alimwambia mteja wake wa kwanza, "Mama, nitavunja vigae vinne. Pengine sita. Nitakuonyesha kimojakimoja." Mteja aliketi chini kwa mshangao.

Funzo

Ndugu zangu, tusikimbie kipimo kwa kuogopa picha tuliyojichorea wenyewe. Njia nyepesi zinazidi kupatikana. Si kila mahali, wala si kwa kila mgonjwa, lakini kuuliza hakuumizi koo. Anayepima naye aeleze polepole, mpaka woga umwishe anayepimwa. Na tukipewa chupa tuijaze sisi wenyewe, maana shemeji, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kuugua kwa niaba yetu.